Mafuta Yaliyoning'arisha Kanisani

Wa kwanza kulaumiwa ni Masanja. Duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka nikiwa ndani, nikatolewa hai, na pole yake sijaisikia hadi leo. Sishuki tena shimoni. Hapa Katoro natengeneza mafuta ya kupaka, ya mbegu za pamba.

Shida ilikuwa maji. Nikiyachanganya na mafuta nipate krimu, yanajitenga. Wa pili kulaumiwa, jirani yangu Mama Nyamizi, akanifundisha: "Tia vumbi laini la jiwe na nyuzi za pamba ulizotwanga. Vitayashika maji humo humo ndani ya mafuta."

Vumbi nikachota kwenye karasha la Masanja, anaposagia mawe ya dhahabu. Sikumwomba. Jiwe lile lilishanilalia kifuani, nikaona ni langu pia.

Mafuta yakatulia, meupe, mazito kama wingu. Jumapili nikajipaka uso mzima, nikaenda misani kama mtu anayeelea ndotoni. Watu wakawa wananigeukia. Nikadhani ni uzuri.

Tukafika kupeana amani. Aliyegeuka mbele yangu ni Masanja. Akanipa mkono, akanikazia macho, akanifuta shavu kwa kidole gumba na kukipeleka kwenye mwanga wa dirisha, kikametameta kama dhahabu.

"Amani, Baba Kulwa. Hili si jiwe langu?"

"Mafuta tu haya, bosi."

"Misa ikiisha kanawe, tuone."

Nikanawa bombani, waumini wote wamenizunguka. Maji yakateleza usoni kama kwenye jani la magimbi. Nikasugua, nikasugua tena, na kila nilipoinua uso juani nilizidi kumeremeta.