Sweta la Bibi Mwezi wa Novemba

Juzi nilifungua sanduku la nguo za baridi, na harufu ya moshi wa kuni za miwati ikanipanda puani kabla sijaona kitu. Ni sweta la bibi yangu mzaa mama, la rangi ya kahawia, viwiko vimetiwa viraka. Limefuliwa mara nyingi tangu afariki, lakini moshi ule haujatoka, na mimi sitaki utoke.

Tuliishi naye Kitandililo, pembeni mwa mji wa Makambako. Alizaliwa Kifanya, ambako Juni nyasi huamka zimeganda. Sweta lile alilivaa Mei, na hakuna aliyeshangaa. Kilichotuchekesha ni kwamba Novemba, vumbi limetanda na sisi watoto tunagombania kivuli, alikuwa bado amelivaa, vifungo hadi shingoni. Tukimtania alitujibu kwamba tusubiri, zamu yetu ipo.

Nyumbani kwetu ugonjwa wa mzee ulikuwa na jina moja tu: baridi. Miguu ikiuma, baridi. Akikataa ugali, baridi imemwingia. Na dawa yake ilikuwa blanketi, jiko la mkaa kando ya kitanda na dirisha kufungwa. Miezi ya kipupwe dawa hiyo ilifaa sana, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuitilia shaka.

Novemba moja, nikiwa darasa la tatu, tulikuwa tunaandaa shamba tukingoja mvua za kwanza. Jua lilichoma kisogo. Bibi alilima na sweta lake, na maji akayakataa kwa kuwa hakuwa na kiu. Mchana akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, kisha akakaa kwenye tuta na jembe likamtoka mkononi. Mama na shangazi wakambeba hadi ndani. Shangazi akamfunika mablanketi mawili, akaleta jiko. Mimi nikaambiwa nimshike mkono.

Mkono ule sijausahau. Ulikuwa wa moto kama mfuniko wa birika, tena mkavu, wakati kiganja changu kilikuwa kinateleza kwa jasho. Niliogopa sana. Niliona bibi yangu anakufa, na sisi tunamharakisha.

"Mama, bibi hana baridi," nilisema. "Anaungua."

Shangazi akasema mtoto hajui baridi ya wazee. Lakini mama alipitisha mkono chini ya sweta, mgongoni kwa bibi, akautoa upesi.

"Wifi, toa jiko," akasema.

Wakafungua dirisha, wakamvua sweta, wakamlaza na kanga iliyoloweshwa maji ya mtungini. Mimi nikampepea kwa ungo hadi mabega yakaniuma. Alipofumbua macho na kututambua, kitu cha kwanza alichouliza ni nani kamvua sweta lake. Mama alicheka huku analia. Siku hiyohiyo tulimpeleka zahanati, na muuguzi akatueleza kwamba mwili wa mzee huchelewa kulitambua joto, jasho lake hupungua, hata kiu humjia polepole. Tusingoje aombe maji.

Basi nikapewa kazi. Kila asubuhi, baada ya kumwamkia kamwene, salamu ya kwetu, niliweka kiganja shingoni mwake na kuamua kuhusu sweta. Juni nilimvalisha mwenyewe. Kuanzia Oktoba nilimvua, akinung'unika kwamba yeye halisikii hilo joto. Nilimjibu kwamba mimi nalisikia, inatosha. Aliinua mikono, nikamvua. Miaka yote nilidhani nilikuwa nashinda ubishi, na nilijivuna kweli.

Sasa nami nina wajukuu. Juzi hiyohiyo nilijaribu sweta lile, nikakaa nalo uani, juani, nikichambua maharage, nikiona raha tupu. Mjukuu wangu aliyekuja likizo kutoka Njombe akanigusa shingo.

"Bibi, unachemka. Vua."

Nilitaka kumjibu kwamba silisikii hilo joto. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na ndipo nikamwelewa bibi. Hakuwa akinibishia, kweli hakulisikia. Asubuhi zote zile alikuwa ameamua kuamini kiganja cha mtoto kuliko ngozi yake mwenyewe.

Nikainua mikono, akanivua. Sikuona tofauti yoyote. Nikamwomba na maji, ingawa sikuwa na kiu.