Sahani ya Gogo

Juzi nilikuwa Yeoville kwa fundi wangu wa cherehani, Mkongomani mpole ambaye hashoni bila kuimba. Nilikuwa nasubiri gauni langu lipigwe pasi. Karibu nami alisimama kijana wa Kitanzania, anaongea na simu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, analalamika juu ya majirani zake wanaokunywa pombe na kupiga muziki kila Ijumaa. "Makafiri wale, we waache tu!" akasema, akacheka.

Msichana aliyekuwa anafagia vipande vya vitambaa ni mzaliwa wa hapa hapa Johannesburg, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Lakini ufagio wake ulisimama.

"Ndugu," fundi akamwambia yule kijana, "neno hilo hapa hapana. Hapa linapeleka mtu kortini."

"Kwani nimesema nini, mzee? Si neno la dini?"

"La dini huko kwenu. Tazama uso wa mtoto wa watu."

Nami niliutazama. Na ghafla sikuwa tena Yeoville. Nilikuwa mtoto, La Rochelle, mtaa mwingine wa mji huu huu, katika jiko letu jembamba lililonuka mafuta ya taa wakati wa baridi, na Gogo amesimama mbele ya sinki ametupa mgongo.

Gogo ndivyo wanavyomwita bibi huku. Alikuwa mama yake baba. Baba alikimbilia Tanzania akiwa kijana, siku zile za mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, akakaa huko miaka mingi, akasilimu, akamwoa mama yangu, mwanamke wa Tanga. Nchi ilipofunguka akarudi naye. Mimi nikazaliwa huku, katika nyumba ya kupanga, dirisha la jikoni likitazama ukuta wa jirani.

Gogo alikuja kila Jumapili kutoka Soweto, moja kwa moja kutoka kanisani, bado amevaa sare ya akina mama, blauzi nyekundu yenye kola nyeupe iliyopigwa wanga hadi ikasimama. Tulimtambua kwa kikohozi chake getini. Mkononi alikuwa na mfuko wa mahindi yaliyokobolewa na maharage, kwa sababu yeye na mama walikuwa wamegundua jambo lililowafurahisha kuliko yote: kwamba kande ya Tanga na chakula alichokula Gogo tangu utotoni ni kitu kimoja. Walichobishania ni nazi tu. Mama alitaka kuitia, hata ile ya unga ya pakiti. Gogo alishika kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili. "Hapana, makoti! Unakiharibu!" Makoti ni mke wa mwana, na sijasikia mtu akilitamka neno hilo kwa ladha kama yeye.

Hawakuwa na lugha moja, ila walikuwa na mchezo. Mmoja anashika kitu, anakitaja kwa lugha yake, mwingine anataja kwa yake. Nyama na inyama. Maji na amanzi. Mtu na umuntu. Kila walipopata maneno yaliyofanana walipigana viganja kama wasichana. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nalamba mwiko, naamini kwamba dunia yote ni jiko lile na wanawake wale wawili.

Jumamosi nilikwenda chuoni. Ustadhi wetu alitufundisha Kurani katika chumba cha nyuma cha duka la magodoro, tukanukia sponji mpya mpaka jioni. Siku moja tulifika kwenye neno hilo la kafiri, na mtoto mmoja akauliza maana yake. Ustadhi alikuwa mtu wa kupenda maneno. Akatuambia asili yake ni kufunika, kwamba Waarabu wa kale hata mkulima walimwita hivyo, kwa kuwa anaifunika mbegu kwa udongo. Kisha likawa la mtu anayeifunika neema aliyopewa, asiyeshukuru, na mwisho la mtu aliyeikataa imani. "Ni hukumu ya Mungu," akasema, "si jina la kuitana barabarani."

Yaliyobaki niliyajua ukubwani. Wafanyabiashara wa pwani yetu waliwaita hivyo watu wa bara na wa kusini, ambao hawakuwa wa dini yao. Wareno walipopita wakalichukua neno bila kulichunguza, Waholanzi na Waingereza wakalirithi, na kufika huku likawa halina tena habari ya imani. Likawa habari ya rangi ya ngozi. Mchungaji aliyehubiri Jumapili nzima aliitwa hivyo Jumatatu na mtoto wa tajiri wake. Likatungiwa nyimbo, likabandikwa kwenye majina ya mimea na vijiji, likapigiwa watu mateke. Pwani yetu ndiyo iliyolitoa, wala sisi hatukujua lilipoishia.

Mwaka ule, Ramadhani ikikaribia, jirani yetu mmoja alikuja kumsaidia mama kusafisha jiko. Alikuwa mwanamke wa Tanga pia, na ndiye aliyemkanda mama nilipozaliwa. Nilimpenda. Aliishika sahani moja, akaigeuzageuza.

"Mwenzangu, mkweo si anakula nguruwe?"

"Kwake, labda. Hapa hajala."

"Na sahani anazolia hapa ndizo hizi mnazofuturia? Haya. Mimi simo. Lakini wanawake wenzetu wanasema."

Mama hakulala vizuri wiki ile. Usimhukumu haraka. Huku ugenini wale wanawake ndio waliokuwa mama zake na dada zake. Ndio waliomjua kwa ubini wake. Basi akafikiri mpaka akapata njia iliyomtuliza moyo. Kwao Tanga, babu yake alikuwa na sahani yake na kikombe chake, na hakuna aliyethubutu kuvigusa. Hiyo ilikuwa heshima ya mkubwa wa nyumba. Akaenda mjini akanunua sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu, imara, ya kuvutia, na kikombe chake. Akaviweka kwenye rafu ya peke yake. Alinionyesha kwa furaha. "Vya Gogo hivi. Asivitumie mtu."

Jumapili Gogo akaja. Jirani alikuwepo pia, anachambua mchele. Kande ilipoiva Gogo akanyoosha mkono kuchukua sahani kama kawaida yake, na jirani, bila ubaya wowote, kama mtu anayeelekeza mahali kijiko kilipo, akamwambia mama kwa Kiswahili, "Siyo hiyo. Ya kafiri si ile pale juu?"

Mama akawa ameshaishusha. Akabaki nayo mikononi.

Gogo alimtazama jirani, akaitazama sahani, akaitazama ile rafu iliyobaki na kikombe peke yake. Akaipokea, akaketi, akala kande yote, polepole. Jirani akaanza kuhangaika. "Mama, kwetu si tusi. Ni dini tu. Mwambie, mwenzangu, mwambie si tusi!"

Gogo akasimama, akaenda kwenye sinki, akaiosha ile sahani, akaikausha kwa pindo la aproni. Kisha akasema kwa Kizulu, taratibu, ili mama asikose neno:

"Makoti, kwa wazungu niliosha sahani zao zote, nikazipanga kabatini. Yangu ilikuwa ya bati kama hii. Niliiweka chini ya sinki, pamoja na sabuni. Hii ya hapa niiweke wapi?"

Hatukuwahi kujua. Miaka yote aliyofanya kazi za ndani hakuwa ametusimulia hilo. Akaiacha mezani, akavaa koti lake, akanibusu utosini, akaondoka kutafuta teksi mapema kuliko siku zote.

Baba alipoambiwa usiku hakupaza sauti. Alisema tu kwamba alipokuwa uhamishoni polisi walikuwa wakija kumtafuta, wanapiga mlango wa mama yake kwa buti, na hilo la kafiri ndilo jina walilomwita Gogo. Mama alifunga mdomo kwa ncha ya khanga.

Tulikwenda Soweto mama na mimi. Alipiga magoti sebuleni, akaomba radhi kwa Kizulu alichokikariri njia nzima. Gogo alimwinua, akamkalisha, akampa chai na biskuti. Alisema yamekwisha. Na Jumapili iliyofuata alikuja, na nyingine nyingi baada ya hiyo, na sare yake na kikohozi chake. Lakini mfuko haukuja. Mchezo wa maneno haukuchezwa tena. Mama alipakua katika sahani zetu za kaure, zile zile tunazolia sote, akamsogezea, naye kila mara alisema kwa upole, "Nimeshiba, makoti." Hakula tena nyumbani kwetu.

Mama hakuacha kujaribu. Alimpikia kande bila nazi. Alitupa ile sahani ya bati. Na jirani akaja siku moja na mkate wa kumimina, akaula mbele ya Gogo katika sahani moja na mimi, anamkaribisha kwa ishara, machozi yanamtoka. "Nimeshiba, mwanangu," Gogo akamwambia, akamshika mkono.

Kisha uzee ukamwingia kichwani. Nilikuwa tayari msichana mkubwa. Mama akawa anakwenda kwa shangazi Soweto kumhudumia, anamwosha, anamsuka nywele zake chache. Mara ya mwisho nilifuatana naye. Alikuwa amekoroga uji mwepesi. Akamwinua Gogo kwenye mito, akasogeza kijiko bila matumaini, kama alivyozoea.

Gogo akafungua mdomo.

Akala kijiko baada ya kijiko mpaka bakuli likaisha. Akamtazama mama usoni, akatabasamu, akamwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki zamani, akasema asante, dada.

Leo Gogo hayupo, jirani amerudi Tanga, na hakuna aliyebaki wa kumwita mama makoti. Ila mara moja moja, tukiwa tumekaa wawili, huacha anachokifanya akaniuliza kama nadhani siku ile Gogo alijua ni mkono wa nani uliomlisha.

Namwambia alijua. Mimi sijui.