Kamera Ubavuni mwa Roketi

Jina la Mama Roketi hakupewa kwa mapenzi. Alipewa na wazee wa bao wanaoshinda kwenye ngazi za jengo analofanyia kazi, siku alipopita mbele yao na bomba la karatasi ngumu lenye urefu wa mkono, mapezi matatu chini na pua ya mbao juu. Mmoja akauliza, "Jamani, mama anakwenda mwezini, nani ana salamu?" Wakacheka mpaka wakapaliwa. Mwingine angenyong'onyea akaenda zake. Huyu wiki iliyofuata alimwita mchora vibao, akamwandikisha mlangoni kwa rangi nyekundu: MAMA ROKETI, FUNDI SIMU. Wazee wa bao ikawabidi wainame chini ya kibao hicho kila wanapopeleka simu zao.

Duka lenyewe ni chumba kilicho chini ya ngazi. Upande mmoja unasimama wima, upande wa pili unagonga kichwa. Mna meza moja, taa yenye kioo cha kukuza, kibanio, chuma cha kuchomelea nyaya na vifuniko vya soda vilivyopangwa mstari. Vifuniko hivyo si takataka. Simu yoyote inayogusa meza ile hutolewa kwanza kadi yake ya kumbukumbu, kadi ikawekwa ndani ya kifuniko, na kifuniko cha pili kikafunika juu. Hayo aliyajifunza ujanani, alipomwona fundi mwenzake akichungulia picha za mteja na ndoa ya watu ikavunjika kabla ya jua kutua. Tangu hapo mkono wake haungoji kuambiwa. Simu ikifika, kadi nje. Mumewe, fundi cherehani wa chumba cha jirani, humtania kwamba hata akiletewa kiatu atatafuta kadi.

Roketi alizianza akiwa na miaka arobaini na saba. Siku moja wanafunzi wa chuo cha ufundi walirusha yao uwanjani, ikapotea, yeye akaiokota njiani akairudisha. Kabla hajairudisha aliifungua. Alikuta bomba, pezi, kijiinjini cha baruti ngumu kinacholingana na betri ya tochi, na kitambaa kilichokunjwa. Alimwambia mumewe jioni ile, "Hakuna kitu humu nisichokiweza." Na kweli hakikuwepo. Kwa miaka minne alirusha moja kila Jumamosi, mume akishona miavuli ya kushukia kutokana na vitambaa vya miavuli mibovu ya mvua, na hakuna aliyelalamika.

Mpaka roketi moja ilipotua kwenye kamba ya nguo ya mwenyekiti wa kamati ya uwanja.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na ualimu mkuu ulikuwa haujamstaafu yeye. Alipopita, watu wazima walijikuta wakichomekea mashati. Barua yake ilifika kwa mhuri: kuanzia tarehe mosi mwezi ujao, roketi ni marufuku uwanjani, kwa kuwa mwavuli wake haufunguki angani, na kitu kinachodondoka hivyo kitampasua mtu kichwa.

Mama Roketi alimfuata ofisini siku ileile.

"Mwenyekiti, ingekuwa haukufunguka, ingetoboa shuka lako. Umeikuta imelala juu ya shuka."

"Mama, nani aliuona ukifunguka?"

"Kule juu na jua lile, nani ataona?"

"Basi hilo ndilo tatizo. Sisi kamati tunakwenda kwa ushahidi."

"Ushahidi nitakuletea," akasema.

"Mama, umri huu wajukuu wanakuhitaji nyumbani."

Hilo ndilo lililomchoma. Barua angeweza kuijibu, lakini kuambiwa akalee, na mtu ambaye amemtengenezea simu mara tatu, kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alirudi dukani, akatoa kwenye droo kijikamera cha kuning'iniza kwenye funguo.

Siku tano alihangaika nacho. Alikivua gamba lote la plastiki, akabakiza kibao cha umeme, jicho na kibetri. Sonara wa ng'ambo ya barabara akampimia kwenye mizani ya dhahabu: gramu kumi na moja. Kwa simu gramu kumi na moja si kitu. Kwa roketi ya karatasi ni mzigo, na mzigo ukikaa ubavu mmoja roketi hupinda kama mlevi. Kwa hiyo alikata dirisha ubavuni, akakilaza kibao ndani, jicho likichungulia chini kupitia kikofia cha karatasi, na ubavu wa pili akabandika risasi ya kuchomelea yenye uzito uleule. Kisha akaongeza udongo wa kuchezea puani ili uzito usogee mbele. Alifunga uzi katikati ya roketi akaizungusha juu ya kichwa chake uani, mara ishirini, mpaka ikakubali kutangulia kwa pua. Mumewe aliinua macho kwenye cherehani.

"Mama watoto, majirani wanadhani unapunga mashetani."

"Waambie shetani mwenyewe ana mhuri."

Siku ya mwisho kabla ya marufuku ilikuwa Jumamosi, tarehe thelathini na moja. Kamati watano walikuja asubuhi, wakawekewa meza na viti vya plastiki pembeni ya uwanja. Mama Roketi alikuwa na injini mbili tu, na chuo cha ufundi kinachomuuzia hakingeleta nyingine kabla ya muhula mpya. Aliisimamisha roketi kwenye fimbo yake ya chuma, akawasha kamera, taa ndogo ikawaka, akarudi nyuma hatua kumi na tano na kubonyeza kitufe kilicho mwisho wa waya.

Ilipaa vizuri kuliko zote alizowahi kurusha. Ilichana hewa, ikaingia kwenye jua, ikapotea. Wajumbe walikinga macho kwa viganja na hawakuona kitu. Baadaye kidogo waliikuta nyuma ya goli, nzima, kitambaa kimetandazwa nyasini.

"Kitambaa kiko chini," mwenyekiti akasema. "Kilifunguka juu au kwa kishindo cha kuanguka? Tuone hiyo kamera."

Mama Roketi alifungua dirisha la ubavuni. Nafasi ya kadi ilikuwa tupu. Jana yake waya wa betri ulikuwa umelegea. Akaketi mezani kuuchomelea, na mkono wake ukafanya ulichofanya kwa miaka ishirini na sita. Kadi ilikuwa dukani, salama kabisa, imefunikwa kwa kifuniko cha soda.

Angeweza kusema kamera imeharibika. Hakuna hata mmoja pale ambaye angejua.

"Kadi nimeiacha dukani," akasema kwa sauti ya kusikika. "Nimeisahau mwenyewe."

Vicheko vilianzia mezani vikafika mpaka kwa wazee wa bao, waliokuwa wamehamishia bao lao uwanjani kwa shughuli hiyo. Mwenyekiti alifunga faili lake. Akasema kamati imeona, na suala limekwisha.

"Halijaisha. Barua yako inasema kuanzia lini?"

"Tarehe mosi."

"Leo tarehe ngapi?"

Mwenyekiti alifungua faili lake tena. Katibu, kijana wa watu, akajibu kwa niaba yake.

"Basi leo bado ni leo," akasema Mama Roketi. "Nina injini moja. Nipeni nusu saa."

Mumewe alitaka kuifuata yeye kadi kwa baiskeli, akamkatalia. Kosa lilikuwa lake na miguu ilikuwa yake. Alikatiza katikati ya uwanja mbele ya watu wote, shingo juu, bila kukimbia. Alipokata kona tu, alikimbia kama mwizi.

Aliporudi watu walikuwa wameongezeka maradufu. Alitia kadi, akaisikia ikilia kidogo inapokaa. Akakunja mwavuli upya, akaupaka poda ya mtoto usigandane, akapachika injini ya mwisho na kurudi nyuma na waya wake. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Uzi wa kuwashia injini ulitoa moshi mwembamba, basi.

Mwenyekiti alisimama. "Mmejionea. Mama, sikio la kufa halisikii dawa."

"Mwenyekiti, usisogee."

Mwenyekiti alikuwa anatoka nyuma ya meza, kidole hewani, injini ilipokubali. Mama Roketi hakuona kilichotokea mezani, kwa sababu macho yake yalikuwa juu. Alikuwa akihesabu.

Roketi ilipookotwa, walitazama kadi kwenye simu ya Mama Roketi mwenyewe, ambayo kioo chake kina nyufa tatu, maana mganga hajigangi. Kwanza moshi. Kisha nyasi zikakimbia chini, na meza ikaonekana nzima. Viti vitano vilikuwa vimepinduka. Wajumbe wanne walikuwa wakitimua mbio, kila mmoja na njia yake, na chini ya meza zilionekana soli mbili za viatu vilivyong'arishwa. Katika uwanja mzima kulikuwa na doa moja tu lililosimama palepale, doa la kitenge, lina waya mkononi.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kubwa mno kwa kicheko cha hadharani.

Picha ikatikisika, ikatulia, ikaanza kushuka polepole.

"Mwavuli wenyewe siuoni," mwenyekiti akasema, sauti imekauka.

"Kamera inatazama chini. Subiri."

Wakasubiri. Goli likakua. Halafu nyasini kikaja kivuli, duara lililojaa vizuri na kijiti chini yake, kikiteleza juu ya chokaa ya uwanja bila haraka yoyote, kikizidi kukaribia mpaka kikakutana na roketi. Katibu alikuwa anahesabu kwa saa yake. Sekunde thelathini na nane tangu itulie juu mpaka iguse nyasi.

"Jiwe halichukui muda huo," akasema mzee mmoja wa bao. Ndiye aliyewahi kuulizia salamu za mwezini.

Mwenyekiti alimvuta Mama Roketi kando. Aliongea chini chini, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Fundi. Ushahidi umetosha. Ila pale mwanzoni pakatwe."

"Sikati picha ya mtu, na sionyeshi picha ya mtu bila mwenyewe kuwepo. Hiyo ni kazi yangu, unaijua."

Akaitoa kadi mbele yake, akaiweka ndani ya kifuniko cha soda, akakifunika kwa kingine, akakitia mfukoni. Mwenyekiti aliutazama ule mfuko. Kisha akamwita katibu, akachukua barua yenye mhuri, akaikunja mara nne mpaka ikawa ndogo kama kadi yenyewe.

"Andika mwavuli unafunguka," akamwambia katibu. "Andika wajumbe wote wameona."

Mama Roketi alikuwa ameshaanza kukunja waya wake. Hakushukuru, maana haki yake hakuiazima kwa mtu.

"Injini zikifika tu, ninarusha," akasema. "Mje, viti vitakuwepo. Na wewe mwenyekiti, siku hiyo simama."