Nafasi ya Wasiosafiri

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyoshuka Lubumbashi kutoka juu ya lori la mihogo, nikitokea Kasomeno. Kila aliyeshuka alikuwa na mtu wa kumpokea. Mmoja alitwaliwa mzigo, mwingine alishikwa mkono na kuulizwa habari za wote aliowaacha. Mimi nilifuta vumbi viatuni, nikajifanya najua ninakokwenda. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na mjomba aliyenilea hakuwa mtu wa kusindikiza. Alinionyesha barabara kwa kidevu, akarudi shambani kwake.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mmepewa kazi ya kuchora vituo vya mabasi ya mwendo kasi. Kazi nzuri. Ile methali ya haraka haraka haina baraka msiibandike ukutani, abiria wasije wakarudi nyumbani. Lakini nisikilize kidogo, maana nami niliwahi kuchora kituo, enzi za Zaire, wakati king'ora cha mgodi kilipokuwa kikiamsha mji mzima na sisi sote tukiitana citoyen, yaani raia.

Nilikuwa nimejifunza kuchora katika shule ya ufundi ya misheni, nikapata kazi katika ofisi ya ramani. Nilipanga chumba kwa Mama Ngalula, mjane mwenye asili ya Kasai aliyeuza vitenge sokoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, naye alinipa kweli, kwa maana alikuwa na mahindi nyuma ya nyumba. Nililima bila kunung'unika. Ila jioni akiniita nile bukari, yaani ugali, pamoja na wanawe, nilisema nimeshiba, nikajifungia chumbani na penseli zangu. Sikuwa na kiburi, mwanangu. Sikujua tu namna ya kukaa na watu, na mtu aliyezoea upweke huulinda kama mali.

Ndipo mkuu wetu wa ofisi akanipa kazi ya kupanga upya kituo cha mabasi karibu na soko. Hapo ndipo mabasi ya wafanyakazi wa mgodini yalipokutana na yale ya Likasi na ya Kasenga, na kila moja lilifunga njia ya jingine. Nilikwenda kusimama pale asubuhi nyingi nikitazama. Niligundua jambo ambalo hata leo ni kweli: kituo hakizibwi na wingi wa mabasi, kinazibwa na muda ambao basi moja linakaa limesimama. Kwa hiyo nikatenga wanaoshuka na wanaopanda. Nikaacha njia ya kupita pembeni, ili basi lililoharibika lisizuie yaliyo nyuma yake. Wasio na tiketi nikawawekea ukuta mrefu, wabaki barabarani. Kila abiria nilimpa nafasi ya mtu mmoja na sanduku lake, nikaona hesabu imekaa sawa.

Jumapili moja niliitandaza karatasi juu ya meza ya uani, kwa sababu chumbani mwanga ulikuwa haba. Mama Ngalula alirudi kutoka kanisani, akainama kutazama.

"Weye, hii iko nini?"

"Iko gare ya mabus, mama. Huku bantu banapanda, kule banashuka. Bus haikawiake tena."

Akaitazama kwa muda. "Na miye nitasimama wapi?"

"Mama, uko na safari?"

"Hapana. Miye niko nakusindikiza weye."

Nikacheka. Nikamweleza kwamba hao wasindikizaji ndio wanaoziba mlango. Abiria mmoja anakuja na kaka zake, mama mkwe, watoto na kuku, na basi haliondoki kwa sababu baraka hazijaisha. Yeye hakucheka.

"Mutoto, kwetu muntu haendake safari yeye peke yake. Kutoka Kasomeno, nani alikusindikizaka?"

Nikasema hakuna.

"Njo maana," alisema kwa upole. "Unachora gare ya bayatima. Usitufanye bote bayatima juu ya haraka ya bus."

Akaingia ndani kupika. Nilimkasirikia, kisha machozi yakanitoka, kwa maana alikuwa ameniona. Yule mtu mmoja mwenye sanduku lake alikuwa ni mimi. Jioni aliponiita kula, nilikwenda.

Nilichora upya. Mlango wa basi ulipaswa kubaki wazi bila kuzibwa, hapo sikurudi nyuma. Lakini ule ukuta niliuondoa, nikaweka eneo pana lenye paa kandokando ya jukwaa, na kizuizi kifupi, kimo cha kifua, ili mkono upite juu yake na nyuso zionane na madirisha ya basi. Mkuu alikunja uso. "Citoyen, hawa bantu habana na tiketi. Banatuletea nini?" Nikamjibu, "Banatuletea abiria, chef." Sijui alimkumbuka nani, akaweka sahihi.

Kituo kilipokamilika, nilitumwa Likasi kikazi. Mama Ngalula alikuja na wanawe, akasimama pale pale, akanishika mkono juu ya kizuizi. "Enda, urudi," alisema. Nilikuwa mtu mzima, mwanangu, na hayo maneno sikuwa nimewahi kuambiwa.

Miaka ikapita, miguu yake ikavimba, binti yake akamwita akaishi naye Kasai. Siku ya kuondoka kwake aliyesimama kwenye kizuizi nilikuwa mimi. Alitoa mkono dirishani, na kabla sijamaliza kusema nililotaka kusema, basi likaondoka, kwa wakati, kama nilivyolipangia. Siku ile nilitamani ningekuwa nimechora kituo kibovu. Hakurudi, alizikwa huko.

Sasa mke wangu naye ametangulia, na watoto wangu wanaishi mbali. Nyumba imekuwa kimya sana. Asubuhi nyingine hujikokota hadi kituoni, nikasimama mahali pa wasiosafiri. Hutafuta yule anayepanda peke yake, nikampungia mkono. Wengine hudhani nina wazimu. Wengine hupunga.

Basi pima mabasi yako, mwanangu, yasikawie. Ila usimpime msafiri peke yake, maana mtu ni watu. Waachie nafasi wanaobaki, mahali wanapoweza kuonana uso kwa uso na wanaokwenda. Na ukiitwa kula, usiseme umeshiba. Mungu akunyooshee njia, na kila utakapoondoka akupe mtu wa kulitazama basi lako mpaka lipotee. Asipopatikana, tazama kwenye kizuizi. Nitakuwa pale.