Nilipomshika Mkono Mama Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mjukuu wangu, ni Jumamosi moja pale Ruiru, na ningefurahi sana kuisahau. Nakusimulia kwa sababu juzi nilikuona sebuleni na wenzako mkijifunza densi ya kuingilia harusini kwako. Mmoja wenu akasema mtamvuta mama wa bibi harusi katikati, mumzungushe, simu zikirekodi. Mlicheka sana. Mimi niliinuka nikatoka nje, na mama yako akadhani nimekasirishwa na kelele. Haikuwa hasira.

Miaka ile ya hali ya hatari, serikali ya mkoloni ilipokuwa ikiwakamata waliodai uhuru, nilikuwa kijana wa kiwandani Thika, tukimenya mananasi na kuyatia kwenye mikebe. Kwa ajili ya kafyu, sinema ilionyeshwa mchana, katika ukumbi ambao madirisha yake yalizibwa kwa blanketi. Tuliingia tukinuka mananasi, tukabanana kwenye mabenchi. Ndipo ikaja filamu moja ya densi kutoka ng'ambo, na mji ukapagawa. Kulikuwa na kijana mwembamba, suruali imembana, viatu vyeupe. Alicheza juu ya meza za hoteli, akateremka ngazi kwa kuteleza, akamrusha msichana juu ya bega na kumpokea upande wa pili bila hata kofia yake kuanguka. Maneno ya Kizungu hatukuyafuata vizuri, lakini ile miguu tuliifuata yote.

Haukupita muda, mafundi wa cherehani wakawa hawana kazi nyingine ila kubana suruali. Vijana walipaka raba zao chokaa ili ziwe nyeupe, na mvua ikinyesha waliacha madoa kila walipokanyaga. Hata mzee aliyetupigia kodiani kwenye ngoma ya mwomboko, ambaye alijiona bingwa wa nchi nzima, ilibidi ajifunze wimbo wa filamu ile, la sivyo wasichana hawakuinuka kitini. Na mimi, wacha niseme ukweli, nilikuwa mgonjwa kuliko wote. Nilicheza nikibeba masanduku ya mananasi mpaka nyapara akanihamishia stoo.

Kuna sehemu moja ya filamu niliyoipenda zaidi. Kijana anafika kwenye karamu ya uchumba wake. Mama wa msichana amenuna kwenye kona, hamtaki. Kijana anamwendea, anamshika mkono, anamvuta, anamzungusha ukumbi mzima, na yule mama anaishia kucheka mpaka machozi yanamtoka. Wageni wanapiga makofi. Niliitazama sehemu ile nikasema moyoni, hivi ndivyo mtu wa kisasa anavyoingia katika ukoo.

Wakati huo nilikuwa nikimchumbia Wambui wa Ruiru, nyanya yako. Baba yake alikuwa kizuizini, na hakuna aliyejua angerudi lini. Mama yake alibaki peke yake na watoto, akichuma kahawa kwenye shamba la mzungu, akiishi katika kijiji ambamo serikali iliwakusanya watu kwa nguvu. Hakuwa na ng'ombe wala shamba. Alichokuwa nacho ni heshima ya watu na ngoma. Wanawake walipocheza gitiro, ile ngoma yao ya sherehe za mahari, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na watu walitoka mbali, hata Theta, kuja kumwona akicheza.

Sasa elewa jambo moja, kwa maana nyinyi mmezaliwa mambo haya yakiwa yamelegea. Kwetu Wakikuyu, mwanamume na mama mkwe wake waliheshimiana kwa umbali. Hawakushikana mikono. Wakikutana njiani, mmoja alipisha kando akaangalia majani. Kumgusa mbele ya watu ilikuwa kama kumvua nguo. Nililijua hilo tangu utotoni. Nilijiambia tu kwamba hayo ni ya wazee, sisi ni watu wa kanisa na wa mji.

Siku ya kupeleka mahari, chifu alitupa ruhusa ya kukusanyika mchana. Mimi na wenzangu tuliketishwa ndani ya nyumba, kama desturi ilivyotaka. Nje wanawake wakaanza gitiro. Walinitania mimi, wakaimba kwamba binti yao anachukuliwa na mtu aliyebanwa na suruali asiyeweza hata kuchuchumaa. Vicheko vikajaa uani. Nilichungulia mlangoni nikamwona mama mkwe mbele ya mstari, mabega yakitetemeka kwa madaha, uso wake umefurahi, na nadhani alikuwa hajafurahi hivyo tangu mumewe achukuliwe.

Nilitoka. Rafiki yangu Njoroge alinishika koti akaninong'oneza, "Karanja, unaenda wapi wewe? Kaa chini." Nikajinasua. Nikapita katikati ya wanawake na viatu vyangu vya chokaa, nikamshika mama mkwe mkono, nikamvuta, nikamzungusha vilevile nilivyoona. Hakukataa kwa sababu hakuamini. Kitambaa chake cha kichwa kikaanguka, akapepesuka, akaniangukia kifuani.

Wimbo ukakatika. Nilisubiri makofi, mwanangu. Hiyo ndiyo sehemu inayoniumiza hadi leo, kwamba nilisimama pale nikitabasamu, nikisubiri makofi.

Mama mkwe alijifunika uso kwa shuka, akaingia nyumbani bila kuokota kitambaa. Wambui alikiokota yeye, akanitazama. "Umemshika mama," akasema, polepole, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Baba yangu mdogo, aliyekuja kuniongelea kwa wakwe, alinipeleka nyuma ya ghala. Nilitarajia matusi. Akaniuliza tu, "Yule mama wa kwenye sinema, mumewe yuko wapi?"

Nikasema sijui, nadhani alikuwa hapo karamuni.

"Huyu wa kwako mumewe hayuko. Hana wa kumsemea. Watu watasema nini juu yake kesho akienda kuchota maji, umefikiria hilo?"

Sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Nilikuwa nimejifikiria mimi na viatu vyangu.

Wazee walikataa kuendelea na mahari siku ile. Nilipeleka kondoo dume wa kuomba msamaha, tukasubiri msimu mzima wa kahawa, na mwishowe Wambui akakubali kuja kwangu. Mama mkwe alinitumia ujumbe kupitia kwake, "Mwambie sina neno naye." Nami nilifurahi, nikadhani yamekwisha.

Lakini hakucheza tena. Wanawake walipomwita kwenye sherehe, alichukua watoto wao wachanga akawapakata ili mama zao wapate nafasi ya kucheza. Alisema magoti yanamuuma.

Baba mkwe alipoachiliwa, akarudi amekonda na mvi kichwani, kijiji kizima kilijaa uani. Gitiro ikaanza. Akawatazama wanawake wote kwenye mstari, mmoja mmoja, kisha akamwona mkewe kando na mtoto wa jirani begani. Akamwambia, "Kule ndani nilikuwa nikikuwaza ukicheza. Mbona huchezi?"

Akajibu, "Magoti, baba Wambui."

Nilikuwa nimesimama karibu nao. Ningeweza kusema. Niliangalia chini, na mpaka wazee wale wawili wanazikwa, sikusema.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Cheza. Sikukatazi densi, na ukitaka nitakuonyesha ile ya kuteleza, kama kiuno kitakubali. Lakini usimtumie mtu mwingine kujipatia makofi. Kabla ya kumvuta mama wa watu katikati ya uwanja, nenda kwake mapema, kwa heshima, umuulize kama anataka. Akikataa, mwache kwenye kiti chake na umpelekee soda. Na ukishamkosea mtu, kondoo peke yake hatoshi. Simama mbele ya wale waliomwona akiaibika, useme kosa ni lako, angali hai akusikie.

Mungu aibariki ndoa yako. Akupe nyumba yenye furaha, na mama mkwe atakayecheza harusini kwa watoto wako.