Nilivyoitiwa mwizi Shauri Moyo nikiwa nimebeba cherehani ya kikundi

Wakuu, niaje.

Nimeona humu watu wanabishana juu ya kusaidia vijana wafanye biashara. Mmoja anasema wapewe mtaji, mwingine training, mwingine anasema vijana ni wavivu tu. Nimesoma comments nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Nina kisa changu, na sitatia chumvi. Pale nisipokumbuka vizuri nitawaambia sikumbuki.

Ni miaka ya tisini, Eastlands. Mimi ni mtoto wa Mathare. Niiteni Kamau, inatosha.

Kulikuwa na kituo kimoja cha kanisa upande wa Shauri Moyo kilichokuwa kinafundisha vijana kushona. Ukimaliza masomo hukupewa cheti ukaambiwa kwaheri. Mliwekwa kwa kikundi, mkapewa cherehani, mkaambiwa anzeni kazi, zikileta faida mtasaidia watakaowafuata. Mratibu alikuwa mama mmoja mkali anaitwa Bi. Muthoni. Mkali, lakini alitupenda, hilo siwezi kukataa.

Shida ilikuwa moja. Ule ukumbi ulifungwa mapema jioni, na wengi wetu mchana tulikuwa tunahangaika kutafuta chakula. Wengine walikuwa na watoto wadogo.

Sasa kati ya zile cherehani kulikuwa na moja ya mkono, ile unazungusha kwa mkono wa kulia, inabebeka. Sisi tukakaa chini tukaamua itembee kama merry-go-round ya kina mama. Wiki hii iko kwako, wiki ijayo iko kwa mwingine. Bi. Muthoni alinung'unika, akakubali.

Nafikiri ni watu wa chama tu wanaweza kufikiria hivyo. Pesa tumezoea kuzungusha, tukaona hata chuma kinaweza kuzunguka.

Na kwa kweli ilifanya kazi. Mimi nilikuwa nachukua jeans za mitumba zilizoraruka soko la Gikomba, nakata, nashona mabegi ya shule. Wiki ya cherehani sikulala vizuri, nilishona mpaka mkono ukafa ganzi. Wengine walishona uniform. Na kuna dada mmoja, Nekesa, tulimwita Mama Sifa kwa jina la mtoto wake, alikuwa anashona petticoat za wanawake. Kazi safi sana. Kina mama wa soko walikuwa wanamngoja.

Huyu Mama Sifa ndiye kisa chenyewe.

Aliishi Shauri Moyo, chumba kimoja kwenye zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji. Mumewe, Baba Sifa, alikuwa kwa kiwanda Industrial Area. Jamaa alikuwa amemkataza biashara yoyote. Alisema mwanamke akishika pesa yake hapa Nairobi kichwa kinageuka, na akisikia amejiunga na vikundi atamrudisha nyumbani kwao magharibi. Kwa hivyo Mama Sifa alishona mchana mume akiwa kazini, jioni cherehani ikaingia chini ya kitanda, nyuma ya masufuria. Kikundi chote tulijua. Hakuna aliyesema neno.

Cherehani ilibadilisha nyumba Jumamosi asubuhi. Jumamosi hiyo ilikuwa inatoka kwake inakuja kwangu.

Nikafika. Akafungua mlango kidogo, nikaingia, akaniwekea cherehani kwa blanketi nikaifunga. Tulikuwa na desturi ya kuifunga hivyo. Wezi wakiiona wanaichukua, askari wa kanjo wakiiona wanakuuliza license. Iliyofungwa haisumbui mtu.

Tukakubaliana nitoke peke yangu, yeye abaki ndani mlango umefungwa. Kijana kutoka na mke wa mtu hadharani, mnajua maneno ya majirani wa plot.

Kumbe jirani wa mbele alikuwa amemwona Mama Sifa akienda sokoni asubuhi, na hakumwona akirudi. Kwa hiyo alichokiona yeye ni nyumba isiyo na mtu, na kijana asiyemjua anatoka humo na mzigo ndani ya blanketi.

Nilikuwa nimeshapita mfereji wa maji niliposikia, "Mwizi huyo! Anatoka kwa Mama Sifa!"

Wakuu, kama hujawahi kuitiwa mwizi Eastlands wewe shukuru Mungu. Si kitu cha kukimbia. Ukikimbia umekubali. Nikasimama. Hata kusimama hakukusaidia, kwa sababu watu walitoka kila upande, wengine na povu la sabuni mkononi bado.

Mtu akanivuta shati, blanketi likaanguka, cherehani ikaonekana. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Kuna mafundi wa nguo Gikomba walikuwa wameibiwa cherehani siku hizo, na wawili watatu walikuwa hapo hapo. Mmoja, mzee mwenye tepe shingoni, aliiinua akaigeuza akiangalia kama ni yake. Haikuwa yake. Hiyo haikumpoza.

"Umeitoa wapi?"

Nikasema ni ya kikundi.

"Kikundi gani?"

Nikataja kituo. Mwingine akasema kituo kimefungwa Jumamosi, uongo huo.

"Nani amekupa?"

Hapo nikanyamaza.

Nataka mnielewe. Jibu lilikuwa mdomoni. Ni jina moja tu. Lakini nikilitaja, jioni mumewe analo, na pamoja nalo ana habari ya kijana kutoka ndani mwake mlango ukiwa umefungwa. Nikafikiri labda watanipeleka chief's camp, huko nitaeleza polepole, Bi. Muthoni ataitwa. Nilikuwa najidanganya. Hakuna aliyekuwa anaelekea kwa chifu.

Kofi la kwanza lilitua sikioni. Halafu sijui ni nini kilinipiga mgongo. Nikapiga magoti. Nikaona tairi la kunichomea limebebwa na jamaa mmoja mrefu, na akili yangu, sijui kwa nini, ikaanza kujiuliza ni tairi la gari gani. Niliogopa mpaka nikajikojolea, na siwafichi. Nilimwita mama yangu ambaye alikuwa Mathare anauza mboga bila habari.

Nikasema moyoni, sasa nitaje. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Mpaka leo sijui kama ningetaja au la, kwa hivyo msinipe sifa nisiyostahili.

Ndipo nikasikia watu wa nyuma wanasema mpisheni.

Mama Sifa alikuja akitembea. Hakukimbia. Mtoto mgongoni, leso imefungwa vibaya. Alikuwa amesikia kelele kutoka ndani, na baadaye nilikuja kuambiwa kwamba alisimama nyuma ya mlango wake kwa muda kabla ya kufungua. Simlaumu hata kidogo.

Akasema, "Mwacheni. Mimi ndiye nimempa."

Yule jirani akashtuka. "Kwani uko?"

"Niko."

"Na ulimpa kwa nini? Baba Sifa anajua?"

Wakuu, watu walitega sikio kusikia hilo jibu kuliko walivyonisikiliza mimi.

"Hajui," akasema. "Na sasa mtamwambia."

Kuna mwanaume akacheka, akasema kumbe si mwizi wa cherehani, ni mwizi wa kitu kingine. Wengine wakaanza kucheka naye. Mama Sifa hakumwangalia. Akamwendea yule fundi mzee, akatoa petticoat kwenye leso, haijamalizika pindo, akamwonyesha uzi. Zambarau. Uzi uliobaki kwa cherehani ulikuwa huo huo, bado umepita tundu la sindano.

"Ni kazi yangu," akamwambia mzee. "Angalia mshono."

Mzee akaangalia. Aliangalia muda mrefu, kama fundi. Halafu akamrudishia petticoat kwa mikono miwili, akasema, "Huyu anashona. Mwacheni kijana."

Mambo ya umati hayaishi vizuri. Hakuna aliyeniomba msamaha. Tairi lilitupwa kando, watu wakarudi kwa nguo zao, wengine wamekasirika kabisa kwamba hakukuwa na mwizi.

Nilijaribu kumshukuru. Akaniambia, "Kamau, chukua mashine uende. Nenda sasa, kabla hajafika."

Nikaenda. Nikapita Pumwani na Eastleigh mpaka Mathare, cherehani begani bila blanketi, suruali imelowa, na sikujali nani ananiona.

Baba Sifa alitoka kazini mchana, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, na akapata habari akiwa bado barabarani. Sijui kilichotokea ndani ya ile nyumba na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba wiki iliyofuata Mama Sifa na mtoto walipandishwa basi la Bungoma. Jamaa alifanya alichosema.

Tukaitwa mkutano kituoni. Bi. Muthoni alikuwa amekasirika na nusura alie. Akasema kuanzia leo hakuna cherehani itatoka ukumbini. Angezika mtoto wa watu kwa sababu ya merry-go-round yetu. Tukakubali, tungesema nini.

Halafu nikasimama. Mbavu zilikuwa bado zinauma. Nikasema zamu hii ni yangu, na zamu yangu nampa Mama Sifa.

Bi. Muthoni akasema, "Kamau, Mama Sifa yuko Bungoma. Hizi mashine zililetwa kwa vijana wa Eastlands."

Nikasema najua. Nikakaa.

Msichana mmoja wa Buruburu, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea kwa mkutano, akasema, "Na yangu pia." Mwingine akasema na yangu. Tukazunguka chumba hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka zamu zikaisha. Mtu ambaye ana zamu zote, mashine ni yake. Hilo hata Bi. Muthoni aliliona.

Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akasema atawaandikia wafadhili walioleta mashine kwamba imepotea, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuliandika hilo ikaeleweka. Tukaituma na mama mmoja wa kanisa la kina Mama Sifa aliyekuwa anasafiri kwenda huko, na akarudi akatuambia ameiweka mikononi mwa Nekesa mwenyewe.

Sasa mafunzo, maana najua mtaniuliza. Mimi leo nina workshop yangu na nimeshafundisha vijana kadhaa. Kijana akija kwangu simuulizi anataka mashine gani. Namuuliza kwanza anaishi na nani, na nani nyumbani hataki afanye hii kazi. Wengine wanadhani ni umbea. Lakini tulimpa yule dada cherehani na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda kuongea na Baba Sifa. Tulimwachia abebe hilo peke yake chini ya kitanda.

Kwenye karatasi za ule mradi, ile cherehani bado ni hasara. Mimi niko hai naandika hapa, kwa hivyo nashindwa kuiita hivyo.

Wakuu, semeni ukweli. Ungekuwa wewe mfadhili, ungeiachilia iende Bungoma? Na ungekuwa wewe nyuma ya ule mlango, ungefungua?