Wale Ambao Hospitali Haikuwaona

Kazi yake ilikuwa kufuatilia habari za watu waliougua saratani ya utumbo mpana. Asubuhi alizunguka hospitalini akichambua majibu ya maabara. Mchana alikwenda majumbani kwa wafiwa, maana wapo waliokufa bila kuonana na daktari, na bila hao makadirio ya wagonjwa wa nchi nzima yangepungua mno. Ofisini walimwita Mama Makadirio.

Kwa wafiwa alipenda kuuliza marehemu mwenyewe alidhani anaumwa nini. Mara nyingi alijibiwa, "Alisema ni bawasiri tu."

Jumamosi moja alikwenda kumjulia hali kaka yake, fundi seremala. Wifi yake akamvuta jikoni, akafungulia bomba ili maji yafunike sauti.

"Wifi, kaka yako haishi kwenda chooni. Na nimeona damu. Nikimuuliza ananijia juu. Eti bawasiri."

Mama Makadirio alishika ukingo wa sinki. Neno lile alizoea kulisikia kwa wajane. Huyu mwenye nalo alikuwa hai, nyuma ya ukuta, akipiga randa.

Akamfuata karakanani. Shati lilikuwa linampwaya.

"Kaka, umepungua."

"Kazi nyingi."

"Damu imeanza lini?"

Randa ikasimama. Akamtazama mkewe aliyekuwa mlangoni, kisha dada yake. "Kumbe mmenikalia kikao. Mdogo wangu, mimi simo kwenye hesabu zako. Nenda kahesabu wengine."

"Wengine nawakuta wameshazikwa, kaka. Naongea na wake zao."

Alisukuma randa tena, ikakwama kwenye fundo la mbao.

"Jumatatu karakana haifunguliwi," mkewe akasema taratibu. "Ufunguo ninao mimi. Nitautoa daktari akishakuona."

Jumatatu wanawake wale wawili walikaa kwenye benchi la korido. Ndani, daktari alikuwa akimpitishia kaka mpira wenye kamera utumboni.

"Katika hao watu wako," wifi aliuliza, "wanapona?"

"Wanaowahi, wengi wanapona."

"Na sisi tumewahi?"

Alitamani kudanganya. "Sijui, wifi."

Daktari akatoka akivua glovu. Uvimbe upo, amekata kipande, kinakwenda maabara. Siku za kusubiri, kaka mtu hakupokea simu ya dada yake hata mara moja. Naye hakulala vizuri.

Majibu yalithibitisha: saratani, lakini haijapenya ukuta wa utumbo. Wakampasua, wakaondoa kipande kibovu, wakaunga. Ilimchukua muda mrefu kurudi kuinua ubao, na uji ulimkera kuliko kidonda.

"Basi mmeshaniandika kwenye hesabu zenu?" alimuuliza dada yake, alipokuwa bado amelazwa.

"Kakuandika mwenzangu. Mimi mkono ulinigomea."

Akacheka, akashika nyuzi za tumboni kwa maumivu.

Makadirio yalipotoka, kaka alitaka kuyaona. Dada yake akamwonyesha waliofika hospitalini, na wale waliokisiwa kubaki nyumbani. Akaweka kidole kwenye hao wa mwisho.

"Hawa wa nyumbani," akasema, "nilikuwa mmoja wao."

Wiki ileile alimburuta kliniki fundi rangi wa karakana yake, aliyekuwa akilalamikia tumbo tangu zamani. Fundi rangi alinuna njia nzima. Wakaingia kwa daktari pamoja.